Kabla hujaitia kanda ya zamani kwenye deki

Tarehe 27 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Urithi wa Picha na Sauti, na kila inapokaribia watu huanza kuteremsha maboksi ya kanda za video kutoka juu ya kabati. Ni jambo jema. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitahadharisha kwamba kanda za sumaku zihamishiwe kwenye dijitali kufikia 2025, na sababu kubwa ni kwamba mashine zinakwisha kabla ya kanda zenyewe. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS, yaani za kaseti za video za nyumbani, Julai 2016. Deki iliyopo leo ni ya mtumba au ya spea zilizobaki.

Kosa tunalolikuta kila msimu kwenye kitengo chetu cha hifadhi ni watu kutanguliza filamu za dukani. Filamu hizo zina kwao. Mwaka 1977 Andre Blay wa kampuni ya Magnetic Video, huko Michigan, alipata kibali cha kutoa filamu 50 za studio ya 20th Century Fox kwa kanda, akaziuza dola 49.95 moja kupitia klabu yenye kiingilio cha dola 10. Mwaka huohuo George Atkinson akaanza kuzikodisha Los Angeles. Kanda zile zote zilikuwa nakala; asili ilibaki kwa mwenye studio, kwenye filamu. Kanda ya harusi ya shangazi yako haina asili nyingine popote. Asili ni ule mkanda ulio mkononi mwako. Kwa Tanzania Bara, ambako deki zilitangulia majumbani na kituo cha televisheni kikaja mwaka 1994, kanda ya hitima au ya mchezo wa mtaani ya miaka ya 80 inaweza kuwa picha pekee inayotembea ya mtaa mzima. Hiyo ndiyo ije kwanza.

Kinachofuata baada ya harusi na misiba ni vipindi vilivyorekodiwa kutoka hewani. Msidhani vituo vyenyewe vinavyo. Mashine ya kurekodi video ya kampuni ya Ampex ya Marekani iliyozinduliwa Chicago Aprili 1956 ilitumia mkanda wa upana wa inchi 2 uliokuwa ghali mno, kwa hiyo kwa miaka mingi vituo vilifuta vya jana ili kurekodi vya leo. BBC nayo ilifuta.

Kwa nini kanda huharibika ukiicheza tu? Picha ina mawimbi ya kasi kubwa kuliko sauti kwa mbali, na BBC ilijaribu kuyanasa kwa kukimbiza mkanda mita 5 kwa sekunde. Sahani kubwa la mkanda lilitoa dakika 15 tu. Ampex ikageuza hesabu: mkanda uende polepole, hedi, yaani vichwa vinavyoandika na kusoma mkanda, ndizo zikimbie. Hedi 4 zilizunguka mara 14,400 kwa dakika. VHS ya PAL, mfumo wa picha tunaoutumia huku, ina silinda ya hedi ya kipenyo cha milimita 62 iliyolazwa mshazari, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, huku mkanda ukitambaa sentimita 2.34 tu kwa sekunde. Kila mstari wa mshazari unaoandikwa ni nusu ya picha moja, na upana wake ni mikromita 49, mwembamba kuliko unywele. Sasa fikiria chembe ya ukungu ikikamatwa kati ya hedi na mkanda. Itakwangua mstari baada ya mstari, kisha itahamia kwenye kanda ya pili utakayoitia.

Kwa hiyo usianze kwa kucheza. Ipumzishe kanda siku nzima kwenye chumba ilimo deki. Bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, inua kifuniko cha mbele, tazama mkanda, kisha angalia ndani kupitia kidirisha cha kaseti. Unga mweupe kwenye kingo za mkanda ni ukungu: irudishe kwenye mfuko, osha mikono, mpelekee fundi mwenye deki maalumu ya kusafishia. Harufu ya siki mnayoulizia kila mara ni ugonjwa wa filamu za asetati, si wa video. Mkanda wa video umetengenezwa kwa poliyesta. Kanda ikilia kama bawaba na kuacha uchafu wa kahawia, gundi inayoshika chembe za sumaku imenyonya unyevu. Tafadhali, si oveni ya jikoni! Wataalamu huipasha ili ikauke, kwa nyuzi 50 na kidogo, kwa saa nyingi, kwenye kifaa kisichopanda wala kushuka joto. Oveni ya keki hukunja kaseti kabla haijakauka.

Ikiwa safi, vunja kile kijiplastiki cha mgongoni ili isirekodiwe juu. Safisha hedi kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa cha ngozi laini. Pamba ya masikio huacha nyuzi zinazonasa kwenye hedi. Shikilia kitambaa kikiwa kimetulia, zungusha silinda kwa mkono. Ukisugua juu na chini utavunja hedi. Spiriti hiyo isiguse rola ya mpira. Kisha peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja kabla ya kunakili. Picha ikiruka au ikikosa rangi, usiitupe: kanda ya ndugu aliye Marekani ni ya mfumo wa NTSC, ya Ufaransa ni SECAM, nayo yahitaji deki yake.

Unaponakili, pitisha mawimbi kwenye kifaa cha kusawazisha muda wa mistari ya picha, vinginevyo picha itapinda juu. Nakala ya kuhifadhi ni ya nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, bila kuunganisha nusu mbili za picha, kwa FFV1, aina ya faili isiyopoteza kitu. Ukikosa, faili ya DV, iliyobanwa zaidi, inatosha: takriban gigabaiti 13 kwa saa. Kuirekodi runinga kwa kamera ya simu si kunakili. Flashi moja si hifadhi. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Kuhusu sheria. Onyo la FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, mwanzoni mwa filamu, la miaka 5 jela na faini ya dola 250,000, ni la sheria ya Marekani na linamhusu anayevunja hakimiliki. Halikatazi kunakili harusi yako. Huko huko, tarehe 17 Januari 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi ya Sony, mtengenezaji wa deki, dhidi ya studio ya Universal, kwamba kurekodi kipindi ili ukitazame baadaye nyumbani si kosa. Haikusema unaweza kuuza nakala, na haikuwa inahukumu Dar es Salaam wala Mombasa. Kitengo chetu hakitakunakilia filamu ya dukani, hata ukiahidi ni ya watoto. Ukileta kanda ya familia utajaza fomu: nani alipiga, lini, wapi, nani wanaonekana, ioneshwe kwa umma au la. Pasipo sahihi tutaipokea na kuitunza, lakini haitaoneshwa.

Usitupe kanda baada ya kunakili. Irudishe mwanzo, isimamishe wima kwenye boksi, upande wenye mkanda mwingi ukiwa chini.