Mtungi Si wa Oksijeni: Yanayosemwa Vibaya Kuhusu Kuzamia Mombasa

Nje ya mwamba wa Mombasa, upande wa Bamburi na Shanzu, iko meli iitwayo Dania, chini kiasi cha mita 30. Anayeisikia mara ya kwanza huuliza walikufa wangapi. Hakuna aliyekufa. Meli hiyo, iliyokuwa ikibeba mifugo, ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki na kivutio cha wazamiaji. Kukosea hapo hakumdhuru mtu. Zipo dhana nyingine zinazodhuru.

“Mtungi wa mgongoni una oksijeni.” Una hewa, hii hii tunayovuta, iliyochujwa na kushindiliwa. Oksijeni ni asilimia 21 hivi, na karibu yote iliyobaki ni nitrojeni. Oksijeni tupu huanza kuwa hatari ukipita mita 6 hivi: anayeivuta anaweza kushikwa na degedege humo majini. Wala mtungi si wa kukaa nao chini mchana kutwa. Wa lita 12, ukijazwa hadi mgandamizo wa baa 200, hubeba hewa ya lita 2,400. Anayevuta lita 20 kwa dakika angeumaliza kwa saa 2 akiwa juu ya maji. Penye Dania mgandamizo ni mara 4 ya huku juu, basi kila pumzi hula hewa mara 4, na saa 2 zinakuwa nusu saa. Humo humo utoe akiba ya kupandia.

“Hatari iko kilindini, maji mafupi hayana neno.” Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaonekana ya busara. Mgandamizo hubadilika kwa kasi zaidi katika mita 10 za mwanzo: hewa iliyovutwa kwenye mita 10 hutanuka mara 2 ikifika juu. Mtu aliyevuta hewa ya mtungi, akashtuka, akabana pumzi na kukimbilia juu, anaweza kupasuka mapafu hata kama alikuwa mita chache tu chini. Ndiyo maana mwalimu yeyote anayejua kazi huanza na sharti moja: usibane pumzi kamwe.

Anayeogelea na miwani na mrija hana shida hiyo, maana hewa yake ni ya juu. Ana yake. Vijana wakishindana kukaa chini huhema haraka haraka kwanza, wakidhani wanajaza oksijeni. Wanachofanya hasa ni kupunguza kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo inayomlazimisha mtu kutafuta pumzi. Bila onyo hilo anazimia ghafla, kimya kimya, na wenzake wanadhani bado anashinda.

“Sipandi ndege, kwa hiyo niko salama.” Ukiwa chini, nitrojeni huingia kwenye damu na misuli, na hutoka polepole baadaye. Ukipanda juu mapema mno hutoka kwa mapovu. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa, kabla ya kuruka. Lakini mwili haujui ndege, unajua mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya ndani ya ndege ya abiria kwa kawaida hulinganishwa na mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Si tofauti ya kujivunia. Anayezamia asubuhi na kupanda treni ya SGR mchana anafika bara siku hiyo hiyo na nitrojeni yake. Viungo vikianza kuuma au mkono ukifa ganzi, atalaumu kiti. Siku ya mwisho ifanye ya Fort Jesus na Mji wa Kale. Dalili hizo zikitokea, usingoje zipite, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulizamia. Hapo sasa oksijeni tupu ndiyo dawa ya kwanza.

“Papa watatula.” Papa anayefuatwa zaidi na watalii pwani hii, hasa kisiwani Mafia, Tanzania, ni papa potwe, na mkubwa wote ule hula viumbe vidogo vinavyoelea. Wa kuogopwa ni samaki jiwe, aliyetulia chini akisubiri mguu wako. Akikuchoma, mkojo hausaidii. Tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, huku ukipelekwa hospitali.

“Matumbawe ni mawe tu.” Ni wanyama, wadogo mno, wanaojenga nyumba zao kwa chokaa. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa yao pwani ya Kenya. Yakipauka hayajafa bado, joto likishuka mapema yanaweza kupona. Yakikanyagwa au kupigwa nanga hayangoji joto.

“Jaketi la kuokolea linatosha.” Linakufanya uelee, halikurudishi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa, mkondo kwenye mlango wa mwamba huvuta kuelekea bahari kuu. Muulize nahodha kuhusu maji kabla ya kuuliza bei.

“Kilichozama ni cha mwokotaji.” Pegasus, manowari ya Waingereza, ilipigwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na baadhi ya mabaharia wake waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu athari za maisha ya binadamu, kama meli na vyombo, zilizokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi kuwa urithi. Dania haina kaburi, lakini haifai kubomolewa kipande kipande. Na kuingia ndani yake si sawa na kuizunguka: teke moja hutibua vumbi, mlango hauonekani tena. Cheti cha kuzamia hadi mita 30 pekee hakikufundishi kutoka humo.