Marini bodi si plaiwudi ya mashua, na mengine ninayoyasikia kila msimu

"Fundi, hii plaiwudi mbona nyembamba hivi? Si tuweke marini bodi, iwe imara?"

Swali hili nimeulizwa na wenye hoteli wa Usa River, na wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na kina baba wanaotaka kimashua cha kuwafundishia watoto tanga pale ziwa Duluti. Mtu anaingia karakana yangu hapa Moshi, anaona seti ya kujijengea mashua imetandazwa chini, vipande vimekatwa tayari kwa mashine na matundu ya kushonea yametobolewa. Anabonyeza bamba la milimita 6 kwa kidole gumba, linanesa, anatikisa kichwa. Wengine hata hawaulizi. Wananipigia simu wakiwa tayari dukani, kirikuu kimeshapakiwa.

Basi tuelewane. Marini bodi ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ile nyeusi au ya kahawia inayong'aa, ni plaiwudi ya kumwagia zege. Uso wake umewekwa utando ili saruji isiushike. Sasa kitu kilichotengenezwa kisishikwe na saruji, epoksi, ile gundi ya kuunganishia mashua, itakishikaje? Utalazimika kukwangua utando wote kwa msasa kabla hujapaka tone moja, na ukimaliza utakuwa umekula siku nzima na nusu ya tabaka la juu. Gundi ya ndani huenda ikawa nzuri tu, sikatai. Lakini kata ukingo uutazame: mara nyingi tabaka za katikati zina mapengo, maana ubao wa kubeba zege hauhitaji kujaa kila mahali. Kwenye mashua kila pengo ni kisima. Maji yakiingia humo hayatoki, na ubao unaanza kuoza kutokea ndani huku rangi ya nje bado inapendeza.

Plaiwudi ya mashua inayokuja na seti nzuri hutengenezwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1088: gundi isiyoachia hata kwenye maji yanayochemka, na tabaka za ndani zisizo na mapengo. Mbao yake mara nyingi ni okume, mti wa Gabon na nchi jirani zake, mwepesi na unaopinda vizuri. Ukimtilia shaka muuzaji yeyote, omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kitie kwenye sufuria, kichemke saa moja, kikaushe, halafu rudia. Tabaka zikiachana, mshukuru na uondoke.

Tuje kwenye uzito, kwa sababu hapo ndipo ugomvi ulipo. Karatasi ya futi 4 kwa 8 ya okume, milimita 6, ina takriban kilo 8. Marini bodi ya milimita 18, ukubwa uleule, inafika kilo 35 au zaidi. Mashua ndogo ya mita tatu inakula karatasi nne hivi. Fanya hesabu mwenyewe: kilo 32 upande mmoja, kilo 140 upande wa pili, na hujaweka mlingoti wala hujapanda.

"Lakini uzito ndio uimara, fundi." Hapana, mzee wangu. Ubao ukiwa bapa, umelazwa juu ya viti viwili, ni kweli unene unasaidia sana: ukiuongeza mara mbili, ugumu wake wa kupinda unaongezeka mara nane. Ila mashua haina ubao uliolala bapa. Chukua bati jembamba la geji 30 kabla halijapigwa migongo, linapeperuka mkononi. Likishapigwa migongo, fundi anatembea juu yake akipaua. Bati ni lilelile, kilichobadilika ni umbo. Seti ya kushona na kugundisha inafanya kazi hiyohiyo. Vipande viwili vyenye ukingo wa mviringo vikivutwa pamoja kwa waya wa shaba, vinalazimika kujikunja, na vikishajikunja havinesi tena. Ndani ya kila ungio unajaza epoksi iliyokorogwa na vumbi laini la mbao mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, unailainisha kwa kijiko iwe na kona ya mviringo, juu yake unalaza utepe wa faiba, yaani nyuzi za kioo. Nje unavika kitambaa cha faiba. Ukijaribu kuvunja ungio la namna hiyo likiwa limekauka vizuri, ubao wa pembeni ndio unaochanika.

Halafu uweke milimita 12 kwenye umbo lililochorwa kwa ajili ya milimita 6! Haipindi. Unakaza waya kwa plaizi, waya unakatika. Unakaza tena, tundu linachanika. Mwisho fundi anapiga misumari, na ukingo wa plaiwudi ukipigwa msumari unafunguka kama kitabu. Msumari nao unashika kutu, na kutu ni njia ya maji. Kwenye seti hizi hakuna msumari unaobaki ndani ya mashua. Hata waya wa shaba wengi tunaung'oa gundi ikishashika.

Na huu si ubunifu wa jana. Uingereza mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror lilizindua kimashua cha kujijengea nyumbani, kilichobuniwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, mtu aliyejulikana kwa vipindi vya televisheni vya kazi za mikono. Urefu mita 3.3, uzito wa mwili wake kilo 45 na ushee, plaiwudi iliyoshonwa kwa waya na kuunganishwa kwa faiba. Zimejengwa zaidi ya 70,000, nyingi na watu ambao hawakuwa mafundi. Kabla ya hapo, kwenye Vita ya Pili ya Dunia, Waingereza walirusha ndege ya kivita ya injini mbili, Mosquito, ambayo mwili wake ulikuwa plaiwudi na mbao laini ya balsa zilizogundishwa. Kwa hiyo mtu akiniambia milimita 6 haiwezi kuvuka bwawa, huwa nakosa la kumjibu.

Kingine: mashua haifi majini, inafia ufukweni. Inakufa ikiburuzwa juu ya mawe. Ya kilo 40 watu wawili wanaibeba, wanaiweka juu ya Noah, wanaenda. Ya kilo 140 utaiburuza, kwa sababu hakuna atakayekuja kukusaidia mara ya tatu. Hapo ndipo "uimara" wako unapokwanguka chini kidogo kidogo.

Na uzito haukuzuii kupinduka. Kinachoituliza mashua ndogo ni upana wake na mahali ulipokaa. Wewe mwenyewe wa kilo 75 ndiye mzigo mkubwa kuliko vyote, na ukisimama wima katikati ya upepo, hata ya mbao nene itakumwaga.

Nikiri upande wa pili: kama wewe ni mvuvi, mashua yako inakaa majini mwaka mzima, inabeba nyavu na ndoo na inasukumwa kwenye matope kila alfajiri, usininunulie seti. Nenda kwa mafundi wa mbao wa hukohuko bwawani, watakujengea inayofaa kazi yako kwa pesa ndogo zaidi. Seti ni ya mtu anayetaka kusafiri kwa tanga, kubeba chombo chake mwenyewe na kukirudisha nyumbani.

Sasa la hadina, ile dawa inayochanganywa na rezini ya epoksi ili ikauke. "Ongeza hadina kidogo ikauke haraka." Hili limetoka gereji, kwa wapiga bodi za magari wanaotumia rezini ya poliesta. Kule matone yakizidi, inakauka upesi, yakipungua, inachelewa. Epoksi si hivyo. Rezini na hadina zinaungana kwa kipimo, mbili kwa moja au tano kwa moja, kadiri kopo lilivyoandikwa, na soma kama ni kwa ujazo au kwa uzito. Ukizidisha hadina, ile ya ziada haina wa kuungana naye. Inabaki humo, na gundi yako inakuwa laini maisha yake yote. Hakuna dawa, ni kukwangua uanze upya. Ukitaka haraka, nunua hadina ya haraka au pasha chumba joto. Joto likipanda nyuzi 10, kasi huongezeka kama mara mbili. Ndiyo maana Februari hapa Moshi nachanganya kidogo kidogo na kumwaga kwenye sinia pana, kwa sababu epoksi iliyojaa kikombe inajipasha yenyewe mpaka inafuka moshi. Na ndiyo maana ndugu zetu wa Arusha mwezi Julai wanalalamika kwamba imelala usiku kucha bado inanata. Wala si mbovu, imepigwa na baridi tu. Iacheni.

Poliesta yenyewe msiilete kabisa. Ni rahisi, kweli, lakini haishiki mbao vizuri, na baada ya misimu michache faiba inabanduka. Na glavu zivaliwe, na barakoa wakati wa msasa. Ngozi ikishaikataa epoksi, imeikataa moja kwa moja. Nawajua mafundi wazuri walioacha kazi hii kwa sababu hiyo.

"Epoksi ni ngumu, vanishi ya nini?" Jua linaila. Rangi, au vanishi yenye kinga ya jua, kila mahali panapoangaziwa.

"Plaiwudi ya mashua haiozi." Inaoza. Okume si mti sugu hata kidogo. Sifa ya kiwango iko kwenye gundi na tabaka, kuoza ni habari nyingine. Na adui mkubwa ni maji ya mvua yaliyotuama ndani kuliko maji ya ziwa. Igeuze kifudifudi, inua kutoka ardhini, hewa ipite chini. Mchwa wa Kilimanjaro hawasomi lebo.

"Tanga linakwenda uendako upepo, kurudi ni kasia." Watu wa pwani wamekuwa wakibisha, yaani wakiukabili upepo kwa tanga, karne na karne, na huku bara bado tunabishana. Upepo ukitoka kaskazini, hutakwenda kaskazini moja kwa moja, lakini utakwenda kama nyuzi 45 upande huu, ugeuze, kisha nyuzi 45 upande ule, na utafika. Kinachokuzuia usisukumwe pembeni ni ubao wa katikati unaoshushwa majini, na tafadhali usiuongezee chuma. Ila usijifunzie Duluti ukadhani umejua upepo. Kule miti na kuta za kreta zinauzungusha unavyotaka.

Kuhusu maboya ya kuvaa sitabishana. Mbao inaelea, ndiyo. Mashua iliyojaa maji haikubebi wewe na mkeo na kapu la chakula. Vaa. Ikipinduka, kaa nayo, usiogelee kutafuta nchi kavu. Kanyaga ubao wa katikati, vuta ukingo, itasimama.

La mwisho ni la masanduku ya hewa, yale ya chini ya viti yanayosaidia mashua kuelea. "Yazibwe kabisa, pasipite hata hewa." Ni sawa mpaka uipandishe juu ya gari. Moshi tuko juu ya bahari kwa mita 800 hadi 900, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 10 kuliko Tanga. Ziba sanduku hapa, teremka pwani, na kiti chenye robo mita ya mraba kinasukumwa kuelekea ndani kwa nguvu kama ya kilo 250. Kwa anayetoka Arusha ni zaidi. Ungio litalia tu siku moja. Kwa hiyo kila sanduku liwe na kifuniko cha kuzungusha, ukifungue kabla ya kuondoka na ukifunge pale unaposhusha mashua majini. Kama seti yako haina vifuniko, toboa tundu la milimita 2 sehemu ya juu kabisa, chini ya ukingo. Hewa itapita, na maji yatakayoingia humo ukipinduka ni kidogo.