Leonce und Lena ya Georg Büchner: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mwandishi wa Kijerumani Georg Büchner alifariki mjini Zürich tarehe 19 Februari 1837, akiwa na miaka 23 tu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameandika tamthilia ya vichekesho, Leonce und Lena, na tangu hapo imezushiwa mengi.

Dhana: Majaji wa shindano waliisoma wakaikataa.

Hawakuisoma hata ukurasa mmoja. Mapema mwaka 1836 wachapishaji wa Cotta walitangaza shindano la tamthilia za vichekesho. Büchner alikuwa mkimbizi mjini Strasbourg, Ufaransa, kazi yake ikafika muda umekwisha kupita, akarudishiwa bahasha haijafunguliwa. Basi kuiita tamthilia iliyoshindwa ni kumwonea mwandishi.

Dhana: Watazamaji wa zama zake waliizomea.

Watazamaji gani? Alipokuwa hai hakuna tamthilia yake hata moja iliyopanda jukwaani. Mwaka 1838 mwandishi Karl Gutzkow alichapa sehemu za Leonce und Lena katika jarida lake, na mwaka 1850 Ludwig, mdogo wake Büchner, akaitoa kwa ukamilifu zaidi. Mswada wenyewe ulipotea, kwa hiyo tunachosoma leo kimepita mikononi mwa watu wengine. Iliigizwa kwa mara ya kwanza tarehe 31 Mei 1895 mjini München, nje, bila jengo la maonyesho, chini ya uongozi wa Ernst von Wolzogen. Hata hivyo ilizitangulia tamthilia zake nyingine: Dantons Tod ilisubiri hadi 1902, na Woyzeck hadi 1913.

Dhana: Ni hadithi nyepesi ya mapenzi, hapa Büchner aliiweka siasa kando.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kisa chenyewe kweli kina sura ya ngano: Leonce, mwana wa mfalme wa nchi iitwayo Popo, na Lena, binti mfalme wa nchi iitwayo Pipi, wanatoroka ndoa waliyopangiwa, wanakutana ugenini bila kujuana, wanapendana, na mwishowe wanagundua kuwa wameoana walewale waliokuwa wakikimbiana. Lakini mtazame mfalme Peter, baba yake Leonce: amefunga fundo kwenye leso, kisha hakumbuki la nini, hadi inapomjia kwamba alitaka kuwakumbuka raia wake. Ufalme wake ni mdogo hivi kwamba kutoka ukumbini watumishi wanaona mipaka yote. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa imegawanyika katika dola nyingi za namna hiyo, na Büchner alizaliwa katika mojawapo, Hesse.

Halafu kuna onyesho la wakulima katika sehemu ya tatu. Wamepangwa kando ya barabara kuwashangilia maharusi, mwalimu anawafundisha namna ya kupaza sauti, na wanaambiwa washukuru: wamesimamishwa mahali ambapo upepo wa jikoni unawapitia, angalau mara moja maishani wasikie harufu ya nyama choma. Nyama yenyewe si yao.

Aliyeandika hayo ndiye aliyeandika, mwaka 1834, kijitabu cha siri Der Hessische Landbote, kilichowaeleza wakulima wa Hesse kwamba zaidi ya guldeni (sarafu ya wakati ule) milioni 6 wanazotoa kila mwaka zinaishia kwa watawala. Kwa ajili ya kijitabu hicho alisakwa, na Machi 1835 akavuka mpaka kuingia Ufaransa. Harufu ya nyama choma ni kijitabu kilekile kwa sura nyingine, na mwongozaji anayelikata onyesho hilo ili harusi ifike haraka anautoa moyo wa tamthilia.

Dhana: Alikuwa mtunzi tu, hana kazi nyingine.

Alikuwa mwanasayansi. Alitafiti mfumo wa neva za samaki, na Zürich alifundisha anatomia.

Dhana: Inaishia kwa furaha.

Harusi ipo, na Leonce anakabidhiwa ufalme. Anachokifanya? Anataka saa zote zivunjwe na kalenda zipigwe marufuku. Valerio, rafiki yake mvivu anayejiandaa kuwa waziri, anaahidi amri ya kumwadhibu yeyote anayefanya kazi hadi kuugua. Wageni wanaambiwa waende nyumbani, kesho mchezo uanze tena mwanzo. Wakulima hawatajwi tena.