Je, wajua? Bangi, mpunga na kitunguu saumu vina jina moja la Kilatini

Wengi wakisikia neno sativa huwaza bangi, Cannabis sativa. Hata mimi. Siku moja dukani niliona maandishi madogo kwenye chupa ya mafuta ya habasoda: Nigella sativa. Nikairudisha chupa rafuni, nikidhani imechanganywa na bangi.

Haikuchanganywa na chochote. Sativa si jina la mmea, wala haihusiani na ulevi. Ni kivumishi kilichotokana na kitenzi cha Kilatini serere, kupanda mbegu. Maana yake ni "-a kupandwa", yaani mmea wa shambani, si wa porini. Bangi nayo iliitwa hivyo kwa sababu ililimwa. Ulaya waliilima hasa kwa ajili ya nyuzi za kamba na nguo. Saladi ni Lactuca sativa. Mpunga ni Oryza sativa, kwa hiyo karibu kila anayekula wali anakula sativa. Majina haya yalichapishwa na mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753.

Lakini tango ni Cucumis sativus, na kitunguu saumu ni Allium sativum. Mbona mkia unabadilika? Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati, maana jambo lenyewe analo mdomoni tangu utotoni. Hatusemi "kitunguu mdogo". Mzizi -dogo hufuata ngeli: kitunguu kidogo, tango dogo, mti mdogo. Kilatini hufanya vivyo hivyo, ila badiliko hukaa mwishoni mwa neno. Neno la kwanza, ambalo ni jina la kundi la mmea, ndilo linaloamua mkia wa neno la pili. Kilatini kina ngeli tatu: Cucumis ni ya kiume, Oryza ya kike, Allium si ya kiume wala ya kike.

Mtoto mdogo ukimwita kitoto, papo hapo anakuwa kitoto kidogo, ingawa ni yuleyule. Ndivyo ilivyokuwa kwa kunde. Linnaeus aliiita Dolichos unguiculatus, yenye kikucha. Ilipohamishiwa kundi la Vigna, ikawa Vigna unguiculata. Kunde ni ileile, mkia tu umefuata ngeli.

Hata hivyo, mmea kukosa neno hili hakumaanishi kwamba haulimwi. Mpunga wa Afrika Magharibi, Oryza glaberrima, umelimwa huko kwa karne nyingi, ila jina lake linasifu ulaini, kutokuwa na vinyweleo. Katika kundi moja jina halitolewi mara mbili, na sativa ilikuwa imeshachukuliwa na mpunga wa Asia.