Asparagasi kwa utumbo na ubongo: maswali na majibu

Asparagasi inafanya nini hasa tumboni?

Inawalisha bakteria wako. Mashina haya ya kijani yana inulini, aina ya nyuzinyuzi isiyosagika tumboni wala kwenye utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, na huko bakteria wenye manufaa huichachusha na kutengeneza asidi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti. Seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana huishi kwa butireti hiyo. Gramu 100 za asparagasi zina nyuzinyuzi gramu 2 hivi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Vitunguu na vitunguu saumu navyo vina inulini.

Mbona nikila najaa gesi?

Uchachushaji huohuo ndio unaotoa gesi. Anza na mashina mawili matatu, uongeze polepole. Mwenye matatizo ya utumbo ya muda mrefu huenda isimkubali kabisa, na asijilazimishe.

Na ubongo je?

Hapa watu hudanganywa sana, na inaniuma. Hakuna sahani ya mboga itakayomrudishia mzee kumbukumbu zilizopotea. Asparagasi ina folati, aina ya vitamini B: gramu 100 zilizopikwa zina mikrogramu 149 hivi, zaidi ya theluthi ya mikrogramu 400 anazohitaji mtu mzima kwa siku. Mfumo wa neva unaihitaji maishani mwote, ila faida iliyo wazi kuliko zote huonekana kwenye mimba changa. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza, wengi wakiwa hawajajua hata kama ni wajawazito. Folati ikipungua wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana anayetarajia kushika mimba hushauriwa ameze asidi ya foliki, yaani folati ya vidonge, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla. Mboga huongezea vidonge hivyo, haichukui nafasi yake.

Nipikeje?

Kwa mvuke, dakika chache. Folati huyeyuka majini, kwa hiyo ukichemsha ukamwaga maji, umeimwaga nayo.

Mkojo wangu hunuka baada ya kula. Ni figo?

Hapana. Ni kemikali za salfa zinazotokana na asparagasi yenyewe.

Kuna anayepaswa kuwa mwangalifu?

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Asparagasi ina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Si lazima aiache. Kiasi anachokula kisipande na kushuka ovyo, na daktari wake ajue.