Neno "mstaarabu" lilitoka wapi?

Kwenye kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza, abiria wakianza kusukumana, hakosekani mtu wa kupaza sauti: "Jamani, tuwe wastaarabu!" Kila mmoja anaelewa anaambiwa nini: apange foleni, amwache mama mwenye mtoto atangulie. Hakuna anayewaza Uarabuni. Ila Uarabuni umo ndani ya neno lenyewe.

Tazama jozi hizi: raha na starehe, ajabu na staajabu. Hilo "sta" la mwanzo tumelirithi kwa Kiarabu. Kwa njia hiyohiyo "Arabu" ikazaa "staarabu", yaani kuwa kama Mwarabu, kushika lugha yake na mwenendo wake. Huko Hispania, enzi za utawala wa Waislamu, Wakristo walioishi chini yake na kuchukua lugha na desturi za Kiarabu ndio wanaoitwa mozárabe. Mzizi ni huohuo.

Pwani yetu ilikuwa na kipimo chake cha zamani zaidi: uungwana. Muungwana alikuwa mtu huru, mwenye kwao, anayejua kusema na kukaa na watu. (Mtumwa hakuhesabiwa humo, na hilo tusilifiche.) Karne ya 19, Seyyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, nguvu na mali vikawa mikononi mwa Waomani, na ustaarabu ukaanza kuupiku uungwana. Aliyetawala ndiye aliyekuwa kipimo. Kiswahili kikapanda na misafara hadi Tabora, kikafika na huku ziwani.

Sisemi neno hili tulitupe. Nalitumia kila siku. Linaloniuma ni pale linapogeuzwa fimbo. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Magu, aliandika kwamba babu yake "aliishi kabla ya ustaarabu". Aya iliyofuata, babu huyohuyo anampokea mpita njia asiyemjua: "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kigoda kivulini, maji ya kunawa, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyochemshwa na karanga. Mgeni anakula kwanza, ndipo anaulizwa atokako.

Nilipigia mstari sentensi ile, nikamwomba kijana aniletee neno ambalo babu mwenyewe, kwa Kisukuma chake, angemwitia mtu anayepokea wageni hivyo. Alitoka darasani akimpigia bibi yake simu.