Usianze na "bei ya mwisho": kupatana bei ya homu thieta Arusha na Moshi

Swali ninalolisikia kuliko yote kwenye maduka ya vifaa vya sauti hapa Arusha ni hili: "Bei ya mwisho shilingi ngapi?" Mteja ndiyo kwanza anaingia, hajaisikia spika hata moja ikilia, ameshauliza. Nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la namna hiyo, Barabara ya Sokoine, miaka sita kabla sijaanza kazi ya kufunga mifumo majumbani. Kwa miaka yote hiyo, mteja aliyeanza na swali hilo ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote kuuziwa ghali.

Ngoja nieleze kwa nini, maana inaniuma kuona watu wanaotoa fedha ya jasho wakiondoka wameridhika na punguzo ambalo si punguzo.

Muuzaji ana bei tatu kichwani. Kuna bei ya kutaja, ile anayomwambia kila anayeingia. Kuna bei ambayo bosi amemwambia asishuke chini yake. Na kuna bei ya mzigo wenyewe, yaani ulivyonunuliwa Kariakoo au Dubai, ukajumlishwa usafiri, kodi na kupanda hadi huku. Kijana wa kaunta mara nyingi hiyo ya tatu haijui. Anajua mbili za kwanza tu. Ukimuuliza bei ya mwisho kabla hajajua unataka nini, una kiasi gani na unanunua lini, anakupa namba iliyo katikati ya hizo mbili. Inasikika kama huruma. Kumbe amebaki na nafasi yake, na wewe umeshatumia swali lako kubwa. Na kama umeletwa dukani na winga, yule dalali anayeyatafutia maduka wateja, ongeza tena, kwa sababu winga naye analipwa kutoka humo humo. Nenda mwenyewe, au nenda na fundi unayemlipa wewe.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Seti yenyewe, iwe ni risiva (kile kifaa chenye amplifaya kinachoendesha spika) na spika tano na sabufa, au ile ya boksi moja, faida yake haiwi kubwa sana, kwa kuwa bei yake inalinganishika. Unapiga picha namba ya modeli, unamtumia shemeji yako aliye Dar, dakika tano bei ya Kariakoo imerudi kwenye simu. Muuzaji anajua hilo. Faida nono iko kwenye vile vitu ambavyo hakuna anayevilinganisha: waya wa spika, kebo ya HDMI, stendi, stabilaiza, ufungaji. Mteja anahangaika nusu saa kushusha elfu hamsini kwenye seti, kisha anachukua vikorokoro vya laki nne bila kuuliza hata neno moja. Nimeuza hivyo mara nyingi, na ndiyo sababu leo naandika.

Kwa hiyo kinachopatanwa ni mzigo wote, kwa jumla moja, na bei inaulizwa mwishoni.

Mwezi Aprili nilimsindikiza mzee mmoja wa Sakina, mwalimu mstaafu. Kijana wa duka alimwamkia vizuri: "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Nimekuja kununua leo, hela ninayo. Ila nataka kusikia kwanza." Maneno hayo tu yalibadilisha hali ya hewa dukani. Muuzaji anaona watu wengi wanaouliza na kuondoka. Anayesema ananunua leo anasikilizwa tofauti.

Tukasikiliza. Mzee akaweka kwaya yake, akakaa, akaomba sauti ishushwe, ipandishwe. Akachagua risiva na seti ya spika 5.1, yaani tano na sabufa. Bei hajauliza. Akatoa karatasi mfukoni, tuliyoiandika nyumbani kwake tukiwa na futi ya kupimia, akaanza kutaja kimoja kimoja na kijana akawa anaandika bei: seti 1,950,000, waya wa spika mita 30 kwa 90,000, kebo ya HDMI 35,000, stendi mbili za spika za nyuma 120,000, stabilaiza 150,000, kufikisha Sakina 20,000. Jumla 2,365,000.

"Sasa mwanangu, hivi vyote kwa pamoja, na risiti yake, nakupa milioni moja na laki tisa."

Kijana akacheka, akasema haiwezekani mzee wangu, hapo hata mtaji haurudi. Mzee hakujibu. Akaendelea kuangalia spika. Kukaa kimya ni kugumu kwetu sisi watu wa maneno, tunaona kama ni kukosa adabu, lakini ukishataja bei yako kwa upole, nyamaza. Ukiongeza neno, mara nyingi ni la kujipandishia bei mwenyewe. Kijana akapiga simu kwa bosi. Wakashuka hadi 2,200,000, mzee akapanda hadi 2,000,000, wakakutana 2,050,000.

Hebu tupige hesabu. Angeanza na "bei ya mwisho", seti ingeshuka labda hadi 1,850,000, nayo ni bei niliyoisikia ikitajwa siku hiyo hiyo kwa mteja mwingine. Vile vitu vingine ni 415,000. Angelipa 2,265,000 na kurudi nyumbani akisimulia jinsi alivyopunguziwa laki nzima. Alilipa pungufu ya hapo kwa 215,000, na duka halikupata hasara, maana lilichoachia kilikuwa sehemu ya faida ya mzigo wote.

Waya wenyewe nauzungumzia kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapigwa sana. Omba kipande, kwangua kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme, ila vibaya kuliko shaba tupu, kwa hiyo bei yake haitakiwi kuwa ya shaba. Na kwa sebule ya kawaida, ambapo waya mrefu kuliko wote hauzidi mita kumi, waya laini wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kutoka duka la vifaa vya ujenzi unafanya kazi ile ile bila tofauti utakayoisikia. Mwambie muuzaji hivyo: "Waya nitachukua hadiwea." Utaona bei ya waya wake inavyolegea. Kebo ya HDMI ya mita moja na nusu, hali kadhalika: ya bei ndogo ikipitisha picha na sauti bila kukatika, ya bei kubwa haikuongezei chochote.

Silaha kubwa ya muuzaji ni wati. "Kaka, hii ni wati 500, ile ni wati 1000, ongeza laki tatu tu." Mteja anaona amepata mara mbili. Hajapata. Kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakigundua lakini halishangai. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Tena spika nyingi za nyumbani hutoa kama desibeli 87 kwa wati moja, ukizipima kwa umbali wa mita moja. Ukikaa mita tatu, wati hiyo hiyo moja bado inakupa karibu desibeli 78, ambayo tayari ni kelele inayozuia mazungumzo. Kwa sebule ya mita nne kwa tano yenye vigae na madirisha ya vioo, kama nyingi ninazofunga Njiro na Moshono, hutazifikia hizo 500, achilia mbali 1000.

Halafu geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma. Nimeshageuza seti za boksi moja zilizoandikwa wati 1000 usoni, nyuma matumizi ya umeme yameandikwa wati mia hivi. Namba ya nyuma hupimwa kwa matumizi ya kawaida, ya mbele hupimwa kwa kukamua spika moja moja hadi sauti inachanika, kisha zinajumlishwa. Ukiona PMPO, zile wati za kilele za kutangazia tu, achana nayo kabisa, haina kipimo kinachoeleweka. Uliza RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, kwa kila spika, na kwa ohmu ngapi (ukinzani wa spika). Kijana akishindwa kujibu, sababu ya ile laki tatu imekwisha, na unaweza kusema hivyo kwa adabu bila kumdhalilisha.

Kibandiko hicho hicho kinakuokoa na jambo jingine. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa 120V 60Hz. Zipo, hasa zilizotumika, na zinaweza kuwa nzuri kweli kweli. Ila ukiichomeka moja kwa moja ukutani imekufa papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa kutosha, na bei ya hiyo transfoma inatoka kwenye bei ya risiva, haiongezwi juu yake. Hapo usione haya.

Modeli ya zamani pia ni mlango mzuri wa kupunguziwa. HDMI yenye ARC, yaani inayorudisha sauti kutoka TV kwenda kwenye risiva, ilianza na toleo la 1.4 mwaka 2009; eARC, inayobeba sauti nzito zaidi, ikaja na toleo la 2.1 mwaka 2017. Muuzaji wa modeli mpya atakwambia bila eARC umepitwa na wakati. Kama unatazama Netflix kwenye TV yako na king'amuzi, ARC ya kawaida inatosha, na hata sauti ya Atmos, ile inayosikika kama inatoka hata juu, kutoka humo inapita, kwa kuwa husafirishwa imebanwa. eARC unaihitaji ukiwa na mashine ya diski za Blu-ray uliyoichomeka kwenye TV na unataka sauti yake nzima isiyopunguzwa kitu. Nani kwetu anazo? Wachache sana. Basi risiva iliyokaa rafu miaka miwili inakufaa wewe, na inamuumiza bosi anayeilipia fremu. Ile ya maonyesho, iliyotolewa kwenye boksi, ni hivyo hivyo.

Wakati nao una neno. Mji wa Arusha unakula utalii: madereva, waongoza wageni, watu wa hoteli na kambi. Masika ikikolea, Aprili na Mei, wageni wanapungua na fedha inapungua mjini kote. Maduka yanakaa kimya, ndiyo maana mzee wa Sakina nilimwambia asubiri mpaka Aprili. Kinyume chake ni Desemba, na Moshi ni zaidi. Watu wanapanda kutoka Dar kwenda Marangu, Machame na Rombo kula Krismasi, na kila mmoja anataka kuwapelekea wazazi kitu. Ukimwambia "Mangi, nipunguzie" tarehe 22 Desemba, atakuonyesha foleni nyuma yako. Rudi Januari, ada za shule zikiwa zimemkaba kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Siku za mwisho za Machi, Juni na Septemba nazo ni nzuri, kwa kuwa ndipo awamu za kodi ya mapato zinapodaiwa na TRA, na mfanyabiashara anatafuta fedha ya mkononi. Asubuhi ni bora kuliko jioni; mteja wa kufungua biashara haachwi aondoke hivi hivi.

Kuna bei moja nakuomba uikatae: "Bila risiti nakupa laki mbili chini." Kiwango cha kawaida cha VAT yetu ni asilimia 18, kwa hiyo kwenye ile 2,050,000 ya mzee kulikuwa na kodi ya 312,700 na ushee. Muuzaji anayekupa laki mbili amebaki na zaidi ya laki, na wewe umebaki bila ushahidi wowote. Sheria inamtaka yeye atoe risiti ya EFD na wewe uidai, na mkikamatwa mnatozwa faini wote wawili. Pia, sabufa ikinyamaza baada ya miezi mitatu, waranti haina pa kushika. Tangu mwanzo uliza: "Bei hiyo ni pamoja na VAT?" Nimeona mapatano ya saa nzima yakivunjika dakika ya mwisho kwa sababu swali hilo halikuulizwa.

Baada ya kupatana, kabla ya kulipa, boksi lifunguliwe hapo hapo kaunta. Linganisha namba ndefu iliyo chini ya kifaa na ile ya kwenye boksi. Washa sauti ya majaribio ya risiva, isikike spika moja moja, tano zote, na sabufa. Unganisha na TV ya dukani kwa HDMI, ona kama rimoti ya TV inapandisha sauti ya risiva. Namba ile iandikwe kwenye karatasi ya waranti pamoja na muda wake na nani atagharamia usafiri ikirudishwa.

Mzee alifanya yote hayo, taratibu, kijana akivumilia. Spika ya nyuma kushoto haikulia. Kilikuwa kiungo cha waya kilicholegea, kikakazwa pale pale, kwaya ikaanza upya kutoka mwanzo.